Jalada Lililofungwa

SWALI: Mhariri, shikamoo. Katika hifadhi ya nyaraka ya chuo kimoja hapa Mombasa nilipewa kumbukumbu za mikutano ya zamani bila tatizo, lakini jalada la nidhamu la wanafunzi nikanyimwa. Je, sina haki ya kulisoma? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Marahaba. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 imeeleza utaratibu wake. Hata hivyo, sheria hiyohiyo inaruhusu kuzuiliwa kwa habari ambazo kutolewa kwake kungeingilia faragha ya mtu bila sababu ya haki. Jalada la nidhamu lina majina, makosa na pengine habari za ugonjwa wa watu ambao huenda wangali hai, na mimi nisingependa langu lisomwe na mgeni. Andika barua ukieleza utafiti wako, ambatisha ya msimamizi wako, kisha uulize kama unaweza kupewa nakala iliyofutwa majina. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, kwani chuo kikiwa cha umma unaweza kulalamika kwa Tume ya Haki za Utawala.

Hata nyaraka zilizo wazi kwa wasomaji zina masharti: mkoba huachwa mlangoni, huandikwa kwa penseli, na kwa joto letu la Machi, futa jasho mikononi kabla ya kugusa karatasi.