Kazi za wanafunzi Marekani: jua kwanza nani anayelipa

Kila muhula mpya unapoanza Marekani, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. "Dada, nimeomba kazi ya maktaba hapa chuoni, wamenijibu kwamba sistahili hata kuomba. Au ni Kiingereza changu?" Hapana mdogo wangu, Kiingereza chako hakina kesi. Umeomba kazi ambayo sehemu kubwa ya mshahara wake hutoka serikali kuu ya Marekani, na serikali hiyo iliamua zamani itamlipia nani.

Mimi nilisoma Ohio kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni. Nilianza kwa kuosha vyombo bwaloni, baadaye nikapata nafasi ya mapokezi kwenye ofisi ya ajira za wanafunzi. Ukikaa nyuma ya kile kidirisha unaona ambacho mwombaji haoni: ofisi ni moja, fomu zinafanana, lakini mifuko ya mishahara ni miwili, wa serikali na wa chuo. Ili uielewe hiyo mifuko inabidi turudi miaka ya 1930.

Ule mdororo mkubwa wa uchumi uliwatoa vijana wengi wa Kimarekani vyuoni. Siyo ada tu iliyowashinda, hata hela ya kula haikuwepo. Juni 1935 Rais Franklin Roosevelt akaanzisha shirika lililoitwa National Youth Administration. Halikugawa sadaka. Mwanafunzi alipangiwa kazi chuoni kwake, kupanga vitabu, kupiga chapa, kusaidia maabara, na wale wa shahada ya kwanza walipata wastani wa dola 15 kwa mwezi. Idara iliyoshughulikia vijana Weusi iliongozwa na Mary McLeod Bethune, mwalimu ambaye wazazi wake walikuwa watumwa, naye alihangaika kuhakikisha vyuo vya Weusi havisahauliwi fungu linapogawanywa. Tawi la Texas lilikabidhiwa kijana wa miaka 26, Lyndon Johnson. Vita Kuu ya Pili ilipowameza vijana, wengine jeshini, wengine viwandani, shirika likafungwa mwaka 1943.

Huyo Johnson ndiye wa kumkumbuka. Alisomea ualimu katika mji mdogo wa San Marcos, na ili abaki chuoni aliokota takataka na kufagia majengo, kisha akapanda cheo na kuwa tarishi wa mkuu wa chuo. Alipokuwa rais, tarehe 20 Agosti 1964, alitia saini sheria ya kupambana na umaskini ambayo ndani yake mlikuwa na mpango wa work-study, yaani kusoma huku unafanya kazi ya kulipwa. Novemba mwaka uliofuata alirudi palepale San Marcos kutia saini sheria ya elimu ya juu, ambayo ndiyo inayoubeba mpango huo hadi leo. Ofisini nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba programu yetu ilitungwa na mfagizi. Hawakucheka sana, lakini mimi nilifurahi kila mara.

Sasa njoo kwenye utaratibu, maana hapo ndipo majibu yote yalipo. Serikali kuu hulipa sehemu kubwa ya mshahara wa mwanafunzi, na chuo humalizia. Mwanzoni serikali ilibeba asilimia 90; siku hizi kwa kawaida haizidi 75. Chukua profesa mwenye bajeti kiduchu anayetafuta msaidizi. Akimchukua mwanafunzi wa work-study, yeye anatoa robo tu ya mshahara. Akikuchukua wewe wa F-1, anatoa wote. Hakuchukii. Amepiga hesabu.

Nani anastahili? Raia, wenye green card (kibali cha ukaazi wa kudumu), na, jambo hili nalirudia kila nikipata nafasi, wakimbizi waliopokelewa kihalali pamoja na waliokubaliwa hifadhi. Nawasema hasa ndugu zetu Wakongo na Warundi waliotoka Nyarugusu na kambi nyingine wakahamishiwa huko. Wengi niliowahudumia walikuja kidirishani wakidhani wako kundi moja na mimi kwa kuwa sote tunazungumza Kiswahili na sote tumetoka mbali. La hasha. Mimi sikustahili, wao walistahili. Unachotakiwa ni kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, na kuonyesha hati zako za ukimbizi. Sheria za wahamiaji hubadilika, kwa hiyo thibitisha na ofisi ya misaada ya fedha ya chuo chako, usitegemee maneno ya binamu.

Jaza mapema. Kila chuo hupewa fungu lake la mwaka, likiisha limeisha. Na ukiona kwenye barua yako kwamba umepewa dola kadhaa za work-study, usianze kuzitumia kichwani. Siyo bumu hilo. Hakuna kitakachoingia kwenye akaunti mpaka utafute kazi mwenyewe, uifanye, ujaze saa zako. Saa ambazo hukufanya hazilipwi. Kidokezo kingine: sheria inavitaka vyuo vitumie angalau asilimia 7 ya fedha hizo kwa kazi za kuhudumia jamii, kwa mfano kuwafundisha watoto kusoma. Kwenye miji yenye familia nyingi za Waswahili, lugha yako ni mtaji. Itaje kwenye maombi.

Wenye F-1, mfuko wenu ni ule wa pili, yaani fedha za chuo chenyewe. Bwalo, mapokezi ya hosteli, ukumbi wa mazoezi, kitengo cha kompyuta. Ukivinjari matangazo, chuja yale ya work-study yaondoke, yatakupotezea muda. Mnaruhusiwa hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na zaidi ya hapo wakati wa likizo. Ziwe kazi za ndani ya chuo. Kazi ya nje bila kibali, hata ya kusaidia dukani kwa Mswahili mwenzako mwishoni mwa wiki, inaweza kukuharibia viza nzima. Wazee wa "ndege za Mboya", wanafunzi waliopelekwa Marekani kwa mpango wa mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya, wale 81 waliotua New York Septemba 1959 na waliowafuata, wengi wao waliishi kwa vibarua hivihivi. Wangari Maathai, aliyefika Kansas kwa mpango huo mwaka 1960, alihitimu shahada yake ya kwanza 1964, mwaka uleule Johnson alipotia saini.

Kama hujachagua chuo bado, ichunguze Berea College ya Kentucky. Haijatoza ada ya masomo tangu 1892, na kila mwanafunzi, mgeni kwa mwenyeji, hufanya kazi angalau saa 10 kwa wiki. Kuna wanaotengeneza mifagio, karakana hiyo ipo tangu 1920. Ushindani wake ni mkali, lakini kule swali la nani anastahili kazi halipo.

Ukishapata kazi, chukua barua ya mwajiri na barua ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, uende nazo kuomba namba ya Social Security, yaani ya hifadhi ya jamii. Halafu kagua hati yako ya kwanza ya malipo. Mwanafunzi wa F-1, katika miaka yake mitano ya mwanzo, kwa kawaida hakatwi ile asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare (bima ya afya ya wazee). Wahasibu wa vyuo hukosea mara nyingi kuliko wanavyokiri, maana mfumo humchukulia kila mtu kuwa Mmarekani. Ukiona umekatwa, nenda kwao na pasipoti na I-20, ile hati ya chuo ya mwanafunzi wa F-1, uombe kwa upole warekebishe na wakurudishie za nyuma. Wakikuambia subiri mwezi ujao, waandikie barua pepe siku hiyohiyo ili pawe na kumbukumbu.