Kabla ya kuunda ufunguo, uliza mbegu ilikotoka

Miaka kadhaa iliyopita nilikabidhiwa kazi ya kuandaa kompyuta ndogo 40 kwa ajili ya matawi ya chama kimoja cha akiba na mikopo katika Nyanda za Juu Kusini. Kila kompyuta ilipaswa kuwa na ufunguo wake wa RSA, njia ya usimbaji fiche yenye ufunguo wa umma na wa siri, wenye biti 2048, ili makao makuu yaweze kuitambua na kuwasiliana nayo kwa siri. Niliiandaa ya kwanza kwa uangalifu, nikaijaribu kwa siku mbili, kisha nikanakili kadi yake ya kumbukumbu kwenye kadi nyingine 39. Siku ya kuunganisha matawi, nilipoingia kwenye kompyuta ya pili, alama ya ufunguo, yaani muhtasari mfupi wa kuutambulisha, iliyotokea kwenye skrini ilikuwa ileile niliyokwisha kuiandika daftarini kwa ajili ya kompyuta ya kwanza. Ya tatu hali kadhalika. Nilikuwa nimenakili mfumo pamoja na ufunguo wake, na matawi 40 yalikuwa na kufuli 40 zinazofunguka kwa ufunguo mmoja.

Huo ulikuwa uzembe wa kawaida, na dawa yake ilionekana rahisi: nilifuta funguo zote, nikaziagiza kompyuta ziunde nyingine zitakapowashwa. Safari hii funguo zilitofautiana. Kilichoninyima usingizi ni kwamba sikuweza kumweleza mtu yeyote kwa nini zilitofautiana. Kompyuta zile hazikuwa na betri ya saa, kwa hiyo zote ziliamka zikidhani ni tarehe ileile na saa ileile. Hazikuwa na kibodi wala diski ya kuzunguka. Na faili ambalo mfumo hulitumia kuhifadhi mbegu ya unasibu, yaani thamani isiyotabirika ambayo namba nyingine zote huzaliwa kwayo, baina ya kuzimwa na kuwashwa, nalo nilikuwa nimelinakili mara 39. Huenda kilichozitofautisha ni nyakati tu za kuwasili kwa pakiti za mtandao. Kama ndivyo, mtu mwenye kompyuta ya aina hiyo na subira ya kutosha angeweza kuorodhesha hali zote zinazowezekana na kuunda funguo zetu moja baada ya nyingine mezani kwake.

Ushauri wangu kwa yeyote anayeandika programu ya usimbaji fiche unaanzia hapo. Namba kubwa hubeba siri kwa kadiri ya mbegu iliyoizaa, wala haiongezi hata chembe juu ya hiyo. Namba ya biti 2048 ikiandikwa kwa tarakimu zetu za kawaida ina tarakimu 617, na ukiiona kwenye karatasi utaamini kwamba hakuna binadamu anayeweza kuibahatisha. Lakini iwapo programu iliyoitoa ilianza na sekunde ya siku kama mbegu, basi namba ile ndefu ni moja kati ya 86,400 tu, kwa kuwa siku haina sekunde zaidi ya hizo, na mshambuliaji hahangaiki na tarakimu 617; anahangaika na sekunde. Ndivyo walivyofanya Ian Goldberg na David Wagner, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, mwaka 1995, walipoonyesha kwamba kivinjari cha Netscape kilitengeneza funguo zake kutokana na saa na namba za utambulisho za michakato ya kompyuta.

Tukio ambalo kila mwandishi wa programu za aina hii hana budi kulijua ni lile la Debian, mojawapo ya mifumo endeshi ya Linux. Mwaka 2006, mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL, programu ya usimbaji fiche, ndani ya Debian aliondoa mistari michache ya msimbo kwa sababu vyombo vya ukaguzi, Valgrind kikiwa kimojawapo, vililalamika kwamba programu inasoma kumbukumbu ambayo haijapewa thamani. Malalamiko yalikuwa ya kweli, ila mmojawapo wa mistari ile ndio uliokuwa mlango wa kuingizia unasibu wote. Baada ya hapo kitu pekee kilichobaki kikiingia kilikuwa namba ya utambulisho wa mchakato, ambayo kwenye Linux ya wakati ule haikuzidi 32,768. Kwa takriban miezi 20, kila ufunguo uliozaliwa kwa OpenSSL hiyo kwenye Debian, na kwenye Ubuntu inayotokana nayo, ulikuwa mmoja kati ya orodha fupi kiasi cha kuweza kuhifadhiwa kwenye diski ndogo, hadi Luciano Bello alipoligundua jambo hilo na likatangazwa tarehe 13 Mei 2008. Kusasisha programu hakukutosha; funguo zilizokwisha kuzaliwa zilibaki mbovu popote zilipohamishiwa, na ilibidi zitafutwe na kutupwa zote.

Swali ninaloulizwa sana na vijana ninaofanya nao kazi ni kwa nini hakuna aliyeliona kosa lile kwa muda wote huo. Jibu ni kwamba ukiutazama ufunguo mmoja peke yake hauna kasoro. Vipimo vya takwimu vinavyokagua iwapo sifuri na moja zimegawanyika sawasawa, au kama kuna mpangilio unaojirudia, havijui lolote kuhusu mbegu. Chukua namba 1, 2, 3 na kuendelea, uzipitishe kwenye SHA-256, kanuni inayogeuza data yoyote kuwa biti 256 zinazoonekana nasibu, uunganishe matokeo: utapata mfuatano utakaofaulu kila kipimo, ilhali hauna siri hata kidogo. Mimi mwenyewe nilipoulizwa na msimamizi wa mradi kama nilikuwa nimezipima zile kompyuta 40, nilimwonyesha ripoti ndefu ya vipimo iliyopita bila dosari, naye akaridhika, nami nikatoka ofisini nikijua kwamba ripoti ile haikuthibitisha chochote. Kinachopaswa kukaguliwa ni njia ambayo unasibu umepitia tangu chanzo chake, na ukaguzi huo hufanywa kwa kusoma msimbo.

Kasoro kama ile niliyoihofia si ya kufikirika. Mwaka 2012, mtafiti Nadia Heninger na wenzake walikusanya funguo za umma kutoka kwenye intaneti nzima na kuzikagua, na kundi jingine lililomhusisha Arjen Lenstra likafanya kazi ya jinsi hiyo wakati uleule. Silaha waliyoitumia ni ile tuliyofundishwa shule ya msingi: Kigawo Kikubwa cha Shirika, KKS. Ufunguo wa umma wa RSA ni zao la namba tasa mbili, na kulivunja zao hilo likiwa moja ni kazi isiyowezekana kwa urefu unaotumika leo. Ila funguo mbili zikichangia namba tasa moja, zote mbili huvunjika papo hapo. Tuseme tawi moja lina 8,633 na jingine lina 8,989. Toa ndogo kutoka kubwa, unapata 356. Gawanya 8,633 kwa 356, linabaki 89. Gawanya 356 kwa 89, hakibaki kitu. KKS ni 89, na sasa tunajua kwamba namba ya kwanza ni 89 mara 97 na ya pili ni 89 mara 101. Kwa namba zenye mamia ya tarakimu hesabu hiyo haichukui hata sekunde moja. Kwa njia hiyo Heninger na wenzake walipata funguo za siri za RSA za asilimia 0.5 ya seva za TLS (itifaki inayolinda mawasiliano ya tovuti) walizozikagua, nyingi zikiwa ruta na vifaa vidogo vya aina hiyo.

Sababu waliyoieleza ilinifanya nisimame na kuzitazama upya kadi zangu. Kifaa kinapowashwa mara ya kwanza kinakuwa hakijakusanya unasibu wowote, kwa hiyo vifaa vingi vinatoa namba tasa ya kwanza ileile. Halafu saa inasonga sekunde moja, au pakiti inaingia, hali ya ndani inabadilika, na namba tasa ya pili inakuwa tofauti. Matokeo yake ni funguo ambazo alama zake zote hazifanani, na mtu anayelinganisha alama daftarini, kama nilivyofanya mimi, anaondoka ameridhika.

Basi unasibu utafutwe wapi? Kwenye mfumo endeshi, na si kwingineko. Kerneli, kiini cha mfumo huo, ndiyo inayoona nyakati za matukio ya vifaa vyote vya kompyuta, na ndiyo yenye kuweza kujua kama imekusanya vya kutosha. Kwenye Linux kuna wito unaoitwa getrandom, uliopo tangu toleo 3.17 la mwaka 2014, ambao unakusubirisha mpaka kerneli iwe tayari na baada ya hapo haukusubirishi tena. Njia ya zamani ya kusoma /dev/urandom ilikuwa na udhaifu mmoja, nao ndio uliowaumiza wenye vifaa vidogo: ilijibu hata pale kerneli ilipokuwa bado haina kitu. Kwenye lugha za programu, tumia secrets ya Python badala ya random, random_int ya PHP badala ya mt_rand, SecureRandom ya Java badala ya Random, na kwenye kivinjari tumia crypto.getRandomValues badala ya Math.random. Zile za pili ziliundwa kwa ajili ya michezo na majaribio ya kitakwimu. Mersenne Twister, kanuni ya kuzalisha namba iliyo ndani ya random ya Python, huchukua hatua 2 kwa kipeo cha 19937, toa 1, kabla ya kujirudia, na nimewahi kuona sifa hiyo ikitolewa kama hoja ya usalama kwenye andiko la zabuni; lakini anayeona matokeo yake 624 mfululizo anaijua hali yake yote ya ndani na anaweza kukutajia yatakayofuata.

Ukishapata baiti zako nzuri, unaweza bado kuziharibu wakati wa kuzipunguza ziingie kwenye mipaka unayotaka. Niliwahi kuandika programu ya kutoa namba za siri za wanachama, tarakimu moja kwa kila baiti, kwa kuchukua baki baada ya kugawanya kwa 10. Baiti ina thamani 256, na 256 haigawanyiki kwa 10, kwa hiyo tarakimu 0 hadi 5 zilipata nafasi 26 kila moja na 6 hadi 9 zilipata 25. Sahihi ni kuitupa kila baiti iliyo 250 au zaidi na kuomba nyingine. Kwa namba za wanachama upendeleo ule ulikuwa mdogo. Kwa sahihi za kidijitali za ECDSA, aina inayotumia hesabu za mikunjo, ambazo kila moja inahitaji namba ya siri ya kutumika mara moja tu, upendeleo wa biti chache ni msiba. Mwaka 2024 ilibainika kwamba PuTTY, programu ya kuingia kwenye kompyuta za mbali, inapotumia mkunjo P-521, ilikuwa ikitengeneza namba hiyo kutokana na SHA-512, yaani biti 512 mahali panapotaka 521. Biti 9 za juu zilikuwa sifuri siku zote, na sahihi zipatazo 60 zilitosha kuufichua ufunguo wenyewe. Na anayeirudia namba hiyo mara mbili, kama Sony ilivyofanya kwenye PlayStation 3 na kuumbuliwa Desemba 2010, humpa mshambuliaji ufunguo kwa hesabu za aljebra ya sekondari.

Kuhusu namba tasa zenyewe sitasema mengi, kwa kuwa hupaswi kuandika msimbo wake wewe. Maktaba nzuri ya programu, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine, huchukua biti 1024 nasibu, huweka kila moja ya biti mbili za juu kuwa 1 ili zao litimie urefu unaotakiwa, huweka biti ya mwisho kuwa 1 ili namba iwe witiri, huondoa zinazogawanyika kwa namba tasa ndogo, kisha hupima zilizobaki kwa njia ya Miller-Rabin, ambayo kila mzunguko wake hauwezi kuikubali namba isiyo tasa kwa uwezekano unaozidi robo. Kwa wastani hujaribiwa namba witiri 355 hivi kabla ya kupatikana moja iliyo tasa, na mtu asiye na subira hushawishika kufupisha. Waliofupisha kwenye maktaba ya chipu za kampuni ya Infineon walizipa namba tasa umbo maalumu ili zipatikane haraka. Mwaka 2017 umbo hilo liligunduliwa kuwa linavunjika, na Estonia ililazimika kusitisha vyeti vya vitambulisho zaidi ya 700,000.

Kompyuta zangu 40 nilizirudisha zote mezani. Kwa kila kadi nilitengeneza mbegu yake ya baiti 32 kutoka kwenye kompyuta ya ofisini iliyokuwa imewaka kwa wiki nzima, nikaiandika kwenye kadi hiyo pekee, na kuweka amri kwamba ifutwe na kubadilishwa kila mara mashine inapowashwa. Kisha niliiandika upya programu ya kuunda ufunguo ili isianze kabla getrandom haijajibu. Kerneli iliyokuwamo ilikuwa ya zamani kidogo na haikuihesabu mbegu yangu kuwa inatosha. Iliichanganya, kisha ikaendelea kukusanya yake, na uwasho wa kwanza ukachukua hadi dakika tatu huku skrini ikiwa tupu. Katika matawi mawili, makarani walidhani mashine imekufa, wakaizima na kuiwasha, na kusubiri kukaanza upya. Mwishowe nilichapa vikaratasi 40 vya kubandika juu ya kila kasha, vyenye maneno mawili: “Usizime. Inasubiri.”