Nilipungua bila kuacha ugali

Kila Januari, na tena Ramadhani ikiisha, naulizwa: "Dada, ulikunywa nini ukapungua hivyo?" Sikunywa kitu. Nilipungua kilo 14 nikila ugali, wali na maharage pamoja na watu wote wa nyumbani, na ni miaka sasa hazijarudi. Kilichobadilika ni upishi na vipimo vya sahani yangu.

Nianze na mafuta, maana kwa upishi wetu hapo ndipo penye kazi. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori kama 120. Ukimimina kwa macho kutoka kwenye dumu, vijiko sita vinaingia sufuriani kabla hujakata nyanya. Mimi napima: viwili kwa mchuzi wa watu watano. Vitunguu navikaanga kwa moto mdogo, vikianza kushika chini nanyunyizia maji kidogo na kufunika. Nyanya zikiingia zinaivia kwenye maji yake zenyewe mpaka ziwe rojo, na mchuzi unakuwa mzito kama kawaida. Nazi nayo, tui la kwanza naliwekea siku ya wageni. Mchicha wa kila siku unapikwa kwa tui la pili.

Ugali usiuache. Nusu ya sahani weka mboga: matembele, kisamvu, bamia, chochote kilichoshuka bei sokoni. Ugali uwe kiasi cha ngumi yako, panapobaki weka maharage, dagaa au samaki. Kisha anza kula mboga na maharage. Ukifika kwenye ugali, ile njaa kali imeshapoa. Ukipata dona ni bora zaidi, inakaa tumboni kuliko sembe.

Soda ya mililita 350 ina sukari ipatayo gramu 35. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa ishuke chini ya gramu 25 kwa siku ikiwezekana, kwa hiyo chupa moja tu imeshapita. Kwenye chai punguza nusu kijiko kwanza, ulimi uzoee, ndipo upunguze tena. Iliki na tangawizi zikikolea hutaitafuta sukari.

Hizi dawa za "kilo saba kwa wiki" zinaniumiza roho, kwa sababu dada zetu wanatoa pesa ya ada kuzinunua. Ukijinyima ghafla, siku za mwanzo kinachotoka kwa wingi ni maji. Mwili ukishaona chakula kimepungua sana, unaongeza njaa na kubana matumizi ya nguvu. Ukirudia kula, kilo zinarudi. Nusu kilo kwa wiki inatosha kabisa. Wiki ambayo mzani haukusogea, pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Kwa mwanamke, kuvuka sentimita 80 ni dalili ya kuanza kujiangalia.

Watu watasema. "Umekonda, una matatizo?" Mama mkwe atakuongezea wali. Mshukuru, kula ulichopanga, kingine kihifadhi cha kesho. Harusini kula pilau yako sahani moja kwa raha, asubuhi uendelee na utaratibu wako.

Ila kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari, nakuomba uonane na daktari kabla hujapunguza chakula. Dozi ileile na chakula kidogo, sukari inaweza kushuka ukaanguka.