Taa za ukanda zinafifia mwishoni na adapta inachemka: ninunue ipi?

SWALI: Nimefunga taa za ukanda za LED, mita 10, za volti 12. Ni vipande viwili vya mita 5, kimoja nimekiunga mwishoni mwa kingine. Lebo inasema wati 14.4 kwa mita. Adapta yangu ni ya volti 12, ampea 5. Taa zinawaka kidogo, kisha zinazima na kuwaka tena na tena. Adapta inachemka, na huku mwisho mwanga ni hafifu. Nimeshauriwa ninunue ya ampea 15, ila naogopa zitaunguza taa.

JIBU: Ondoa hofu ya ampea kwanza. Ukanda huvuta ampea unazohitaji tu, hata adapta ikiwa na uwezo mara tatu ya hapo. Kinachounguza taa ni volti: ukiupa ukanda wa volti 12 umeme wa volti 24, utaharibika papo hapo. Kwa hiyo volti lazima zilingane, ampea zinaweza kuzidi.

Sasa hesabu. Wati 14.4 mara mita 10 ni wati 144. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 12. Adapta yako inatoa 5, yaani wati 60. Kule kuzima na kuwaka ni kinga yake: inazidiwa, inajikatia, inajaribu tena. Usiendelee kuitumia hivyo. Mimi huongeza robo juu ya mahitaji ili kifaa kisifanye kazi kwenye ukomo wake muda wote, na hapo tunafika wati 180, ambazo ndizo hizo ampea 15. Aliyekushauri yuko sahihi.

Lakini adapta kubwa peke yake haitaondoa ule ufifio wa mwisho, na hapa ndipo wengi hupoteza pesa wakibadilisha adapta moja baada ya nyingine. Shaba iliyo ndani ya ukanda ni nyembamba sana. Ulivyounga, umeme wa mita zote 10 unapita kwenye shaba ya kipande cha kwanza, na volti zinapungua njiani. Tenganisha vipande hivyo, kila kimoja kipate waya wake kutoka kwenye adapta. Ukibaki na tofauti ya mwanga, peleka waya na upande wa pili wa kipande, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi.

Waya nao una upotevu wake. Ukitumia waya wa milimita za mraba 1.5 kwa umbali wa mita 5, kwenda na kurudi ni mita 10. Ampea 12 zikipita humo unapoteza karibu volti moja na nusu kati ya 12. Ni nyingi mno. Weka adapta karibu na taa. Kama kuna mahali pengine ambapo hujafunga bado, nunua ukanda wa volti 24: kwa wati zilezile ampea zinakuwa nusu, na upotevu huo unashuka hadi robo tatu ya volti, kati ya 24.

Jambo moja nakusihi usilipuuze. Adapta ya ampea 15 ina nguvu ya kuchemsha shaba nyembamba ya ukanda pakitokea shoti bila yenyewe kujikata. Kila kipande chako kinavuta ampea 6, basi kila waya wa chanya uwe na fyuzi ya ampea 7.5, karibu na adapta.

Dukani soma lebo ya upande wa kutoa. Iandikwe DC (umeme unaokwenda upande mmoja tu) na volti moja isiyobadilika. Ikitaja miliampea pamoja na volti za kuanzia hapa hadi pale, hiyo ni ya taa za aina nyingine. Transfoma za zamani za taa za halojeni pia hazifai, kwani nyingi hutoa AC (umeme unaogeuka-geuka, kama wa nyumbani). Pakiwa na unyevu, chukua yenye alama IP67, yaani isiyoingiza vumbi wala maji.

Usiifungie adapta kwenye boksi lisilopitisha hewa, na waya za umeme wa nyumba zifungwe na fundi umeme.