Soksi za sufu kwenye joto la Tanga? Jibu refu kwa mgeni

Mdogo wangu, karibu Tanga. Kwa ambao hawakusoma swali: umehamishiwa huku kikazi, Jumamosi na Jumapili zinakuelemea, baa si mambo yako, na kazini umesikia kuna wanawake wanaokaa wikendi nzima wakifuma soksi. Unauliza soksi ni za nini kwenye joto hili, asiyewahi kushika sindano aanzie wapi, na kama huko si kwa wazee na umbea tu.

La umbea ndilo rahisi: upo, tena wa kutosha. Wazee nao wapo, na usiwakimbie, maana wao ndio wenye mikono. Mengine yataka maelezo, na mimi nimefuma muda mrefu kiasi cha kuwa na maoni yangu.

Ni kweli hapa mjini humuoni mtu na soksi ya sufu. Lakini katazame mzazi yeyote anayetoka hospitali. Mtoto awe kazaliwa Februari, jua linapasua mawe, kofia na soksi lazima avae, la sivyo bibi yake atauliza mbele ya wageni ni nani aliyemwacha mtoto miguu wazi. Kisha kuna watoto wetu walioko bweni Lushoto. Kule ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mtoto aliyelala na feni Makorora maisha yake yote akifika huko mwezi wa sita, simu yake ya kwanza si ya kuomba hela. Kuna na sisi tunaotaka soksi nyembamba za pamba za kuswalia. Na mwezi wa saba, kusi likivuma usiku, mimi huzivaa kitandani na sina aibu.

Ila kundi letu halikuchagua soksi kwa sababu ya miguu ya watu. Tulizichagua kwa sababu ndiyo kazi ya mkono inayokuacha uongee. Kitambaa cha kochi cha kroshia ukikosa kuhesabu hatua moja, ua lote linakwenda upande, kwa hiyo wafumaji wa vitambaa wakikaa pamoja wanakaa kama wako kwenye mtihani. Sweta nayo ikishafika kifuani inakulalia mapajani, na Tanga hii hakuna anayetaka sufu mapajani saa nane mchana. Soksi inakaa kiganjani. Mguu wake wote, kuanzia juu mpaka karibu na kifundo, ni kuzunguka tu: mkono unakwenda, macho yako kwa msimuliaji, chai inapoa pembeni. Penye kutaka akili ni kisigino. Pale hesabu inabadilika kila mstari, na mtu akikuuliza umesikia ya fulani, umepotea.

Basi wikendi yetu huipanga kwa kisigino. Kila mtu anageuza kisigino chake nyumbani, Jumamosi alfajiri baada ya swala au kabla watu wa nyumbani hawajaamka, peke yake na taa yake. Mchana tukikutana kila mmoja ana sehemu ya kuzunguka. Akija mtu na kisigino barazani, anakaa kule mwisho karibu na mlango, na haongeleshwi mpaka anyanyue kichwa mwenyewe. Wageni hudhani amenuna.

Haya, vifaa. Usihangaike kutafuta sindano za dukani, nyingi ni ndefu za sweta zenye kichwa upande mmoja. Soksi inataka sindano fupi zenye ncha pande zote mbili, tano kwa seti: nne zinashika vitanzi, ya tano inafuma. Na mji wenye baiskeli kama huu sindano hizo ziko kwa fundi baiskeli. Spoku ya kawaida ina unene wa milimita 2, ambao ndio hasa unaotakiwa kwa uzi mwembamba wa soksi. Unamwambia fundi akukatie kwa msumeno wa chuma kichwa kile kilichopinda na upande wenye hesi, abakishe kipande cha sentimita 18 au 20, achonge ncha kwa tupa isiwe kali ya kutoboa kidole wala butu ya kushindwa kuingia kwenye kitanzi. Kisha msasa laini, sana, mpaka ukipitisha uzi wa nailoni kwenye ncha usikwame popote. Hapo ndipo mafundi wengi hufanya haraka, kwa hiyo simama naye. Chagua spoku zisizoshika kutu, maana hewa yetu ya chumvi huzila zile za bei rahisi, na kutu ikishaingia kwenye soksi nyeupe ya mtoto haitoki. Ukiwa na uzi mnene, omba spoku za pikipiki.

Uzi sasa. Madonge ya rangi kali unayoyaona maduka ya Ngamiani mengi ni akriliki. Kwa kujifunzia yanafaa, na kwa soksi za mtoto pia, maana hufuliwa kila siku na hayasinyai. Kwa mtu mzima wa Lushoto mimi sipendi: mguu unatoa jasho ndani, jasho likipoa unaganda. Sufu halisi ipo mitumbani, imekaa kwenye umbo la sweta. Tafuta sweta nyembamba, kisha igeuze ndani nje uangalie mshono wa ubavuni. Kama vipande vilifumwa kila kimoja kwa umbo lake na kuunganishwa kwa uzi mmoja unaofunguka, umeipata. Kama ukingo umekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa nyuzi za cherehani, iache, kwa sababu ukiifumua utapata nyuzi fupi fupi za kila mstari.

Na usiamini lebo tu. Vuta kiuzi kidogo, kiwashe kwa kiberiti juu ya sahani. Sufu inanuka nywele zilizoungua, inakataa kushika moto vizuri, na majivu yake ukiyabana yanasagika. Akriliki inayeyuka na kuacha kijidonge cheusi kigumu. Sweta ikishafumuliwa uzi unakuwa na mawimbi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usitatizane, uloweke, uuanike kivulini na kitu kizito kidogo chini. Ukikauka umenyooka. Kazi hiyo kwetu ana mwenyewe: shoga yetu mmoja hafumi wala hataki kujifunza, lakini haachi kuja, na madonge yote ya kundi yamepita mkononi mwake. Habari za mji pia.

Usianze na soksi ya mtu mzima. Anza na ya mtoto mchanga isiyo na kisigino kabisa. Anzisha vitanzi 36, vigawe kwenye sindano, unganisha mduara, ufume vitatu vya mbele na vitatu vya nyuma ukizunguka (cha mbele kinakuonyesha uso laini, cha nyuma kinakuonyesha kifundo). Kila baada ya mizunguko minne sogeza mpangilio kitanzi kimoja pembeni. Mistari itajizungusha kama ngazi ya mnara, na soksi itaushika mguu wowote bila kisigino, hata mtoto akikua kidogo. Mwenye bidii humaliza jozi ndani ya wikendi moja, na unakuwa na cha kupeleka kwa mzazi Jumapili jioni.

Ukiizoea hiyo, njoo kwenye soksi kamili. Kwa mguu wa mwanamke na uzi mwembamba mimi huanza na vitanzi 64: viwili mbele, viwili nyuma, kwa urefu wa kidole, ili juu ivutike. Kisha mguu, kuzunguka tu. Kisigino kinatumia nusu ya vitanzi, 32. Nusu nyingine inasubiri kwenye sindano zake. Hizo 32 unazifuma kwenda na kurudi mistari 32, na kitanzi cha kwanza cha kila mstari unakihamisha bila kukifuma, ili ubavuni ubakie mnyororo wa vitanzi 16 kila upande. Halafu ndiyo kugeuza: unafuma 18, unaunganisha viwili, unafuma kimoja, unageuka ingawa mstari haujaisha. Unahamisha kimoja, unafuma vitano, unaunganisha viwili, kimoja, unageuka tena. Kila ukienda unavuka lile pengo linalobaki pale ulipogeukia, ukiunganisha kitanzi cha huku na cha kule, mpaka vitanzi vya pembeni viishe na ubaki na 18. Mbele ya macho yako kitambaa kinajikunja kuwa kikombe. Nimekiona mara nyingi na bado huwa nakiangalia.

Ukishaokota ile 16 ya kila upande, ukiongeza 18 ya chini na 32 iliyokuwa ikisubiri, una 82. Punguza viwili kila baada ya mzunguko mmoja, mara tisa, urudi 64. Hapo umeruhusiwa kurudi barazani, maana unyayo ni kuzunguka tena mpaka zibaki kama sentimita tano kufika ncha ya kidole gumba.

Jumamosi yenyewe huanza baada ya adhuhuri. Tunakaa nyumba ya mwenzetu mmoja Chumbageni yenye baraza pana na mwembe. Mkeka chini kwa wenye migongo mizima, viti kwa wengine. Mama yake mwenye nyumba hukaa nasi na ukili wake, anasuka mkeka ambao sijui ulianza lini, na yeye ndiye hakimu. Ukimwonyesha soksi haitazami usoni, anaingiza mkono ndani, anatanua vidole, anaangalia mwanga unapopita. Pakiwa na tundu anakurudishia bila neno. Basi unafumua.

Chakula tuna sheria, na ndiyo pekee tuliyonayo. Bajia, katlesi na mkate wa kumimina haviliwi na mwenye sindano mkononi. Mafuta yakiingia kwenye sufu yanabaki, na sukari ya kashata inafanya uzi ukwame kwenye vidole vyako hata baada ya kunawa mara moja. Saa kumi kazi inawekwa vikapuni, maji na sabuni vinapita, tunakula kwa nafasi. Kahawa inaruhusiwa wakati wote kwa sababu kikombe chenyewe kidogo. Machungwa ya Muheza yakiwa msimu, anamenya asiyefuma, anawalisha wenzake vipande mdomoni. Mara ya kwanza utaona haya. Ya pili utafungua mdomo kabla hujaambiwa.

Kuna mzee hupita pale na baiskeli, hakosi kusimama kutuuliza mbona mji wa mkonge hatufumi soksi za katani. Kisha anatusomea historia, kwamba mkonge aliuleta Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893, na kwamba miche iliyofika salama ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Historia yake ni sahihi. Soksi zake sijui nani angevaa. Katani ni ya kamba na zulia, mguu utatoka damu. Tunamjibu hivyo kila mara na kila mara anacheka upya.

Jumapili ni nyepesi zaidi. Jioni jua likipungua tunashuka Bustani ya Jamhuri, karibu na ule mnara wa saa wa Mjerumani, tunakaa tukiangalia bandari na kisiwa cha Toten. Upepo wa pale ni mzuri ila unavuruga uzi, kwa hiyo donge weka ndani ya kikapu chenye mfuniko. Wengine wanaleta watoto, wengine hawafumi kabisa siku hiyo. Hapo ndipo tunafunga vidole vya soksi iliyokamilika. Na tuna desturi: ukifunga soksi ya kwanza, huondoki mpaka uanzishe vitanzi vya ya pili, hata mstari mmoja. Wenzako wanakusubiri wamesimama na mikoba. Nyumba nyingi zina soksi moja moja zisizo na wenza, na sababu ni kwamba mtu alikwenda nazo nyumbani akiwa na furaha ya kumaliza.

Umeuliza pia kama zinauzika. Zinauzika, hasa seti za watoto. Ila soksi moja ya mtu mzima inakula saa nane mpaka kumi za mkono uliozoea, na hakuna mteja atakayekulipa hizo wakati za kiwandani zimepangwa barabarani. Waliotaka biashara katika kundi letu wamehamia kofia za watoto, na siku za kufuma za kuuza hawaji barazani, kwa sababu wana haraka.

Kwa hiyo Jumamosi hii nenda kwanza kwa fundi baiskeli wa mtaani kwako. Spoku tano, milimita 2, msasa ncha zote mbili. Uzi wa kuanzia mgeni hanunui, wewe njoo na machungwa.