Kuwinda kwenye shamba la shemeji Lolkisale: ruhusa yake pekee haitoshi

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: uko Njiro, Arusha, una bunduki yenye leseni, shemeji yako analima maharage Lolkisale, wilayani Monduli, na swala na pundamilia wanamlia shamba. Umeona video za Wamarekani wanapiga hodi kwa mkulima, wanaruhusiwa, kesho yake wamebeba kulungu. Unauliza kama shemeji akisema "njoo upige" inatosha.

Haitoshi. Nimewinda kama mwenyeji Monduli na Simanjiro kwa miaka kadhaa, na watu wengi wanakwama hapohapo, siyo kwenye shabaha.

Kwanza hao Wamarekani. Video hazioneshi yote. Kule kulungu wa porini ni mali ya umma na anasimamiwa na jimbo. Mkulima hana mnyama wa kukupa, anachokupa ni njia ya kuingia kwenye ardhi yake tu. Yule jamaa unayemwona mlangoni ameshalipia leseni ya jimbo, anajua msimu umefunguliwa lini na unafungwa lini, na majimbo mengi yanamlazimisha kuvaa rangi ya chungwa kali wakati wa msimu wa bunduki. Texas mwenye shamba akipaka miti au nguzo zake rangi ya zambarau, hiyo ni ilani ya usipite, na ukipita umevamia. Wenye mambo tofauti ni Afrika Kusini: sheria yao ya 1991 inamtambua mwenye shamba lenye uzio wa kutosha kuwa mmiliki wa wanyama waliomo. Ndugu zetu wanaorudi kutoka kule na habari za "mwenye ranchi ndiye anayeuza mnyama" hawadanganyi, ila hayo waliyaona huko huko.

Kwetu Tanzania Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 iko wazi: wanyamapori wote ni mali ya umma, Rais ni mdhamini. Swala akiruka mtaro akaingia kwenye maharage, hajawa wa shemeji. Hata akila ekari nzima. Ukimpiga bila kibali, nyama, ngozi na kichwa vyote ni nyara za serikali, na kukutwa na nyara bila kibali ni kosa la kujitegemea hata kama hakuna aliyekuona ukifyatua. Kifungo chake kinatajwa kwa miaka 20 hadi 30. Kuna jamaa tuliyekuwa tukifahamiana, alialikwa na mwenye shamba kabisa, wakachuna mchana kweupe, akatia mapande kwenye kindoo chini ya magunia ya mahindi. Kizuizi cha barabarani kikamshusha. Mwenye shamba alipopigiwa simu alisema hamfahamu. Sitaendelea, kesi ilimla mtu gari na kiwanja kwa kulipa mawakili.

Sasa njia halali. Unaanza kwa bwana nyama, yaani afisa wanyamapori wa wilaya, na wilaya ni ile utakayowindia, siyo unayoishi. Beba kitambulisho na leseni ya silaha iliyo hai. Muulize mambo matatu kwa mpigo: uwindaji wa wenyeji umefunguliwa mwaka huu au la, mgawo wa wilaya umebaki wa wanyama gani, na eneo gani limetajwa. Miaka niliyowinda mimi msimu ulikuwa unafunguliwa Julai. Mgawo ukiisha umeisha, hata ungekuwa na hela ya kununua pori zima. Kibali kinaandika jina lako, aina ya mnyama, idadi na eneo. Humwazimi mtu. Ukiandikiwa swala pala, swala granti aliyesimama mbele yako akikukodolea macho ni wa kuangalia tu. Twiga usimtaje hata kwa utani. Ukishaangusha, jaza kibali palepale kabla kisu hakijagusa ngozi.

Na kuna namna za kuwinda zilizokatazwa hata ukiwa na kibali: kupiga kutoka kwenye gari, kumulika usiku, nyaya, mashimo, sumu, na kumpiga jike mwenye mtoto. Hiyo ya kumulika ndiyo shemeji atakayokushauri, maana wanyama huingia shambani usiku. Mkatalie.

Halafu inakuja ardhi, na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Lolkisale siyo shamba moja na pori tupu. Upande mmoja kuna Randilen, jumuiya ya hifadhi inayopakana na Tarangire. Kuna vitalu vya kampuni za uwindaji wa kitalii. Kuna ardhi ya kijiji ya malisho, na ndani yake ndiyo mashamba kama ya shemeji. Mnyama uliyemjeruhi hasomi mpaka, atakimbilia kwa mwingine. Kwa hiyo ruhusa ya shemeji inaishia kwenye mfereji wake. Kupita na silaha kwenye malisho unahitaji mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wajue, na ni vyema wakuandikie barua yenye muhuri. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kwa hiyo hiyo barua ina uzito.

Nenda mchana, bila bunduki, na mtu wanayemfahamu. Mara ya kwanza mimi kupelekwa kwenye boma moja huko, mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya mgunga, fimbo mapajani. Nikaamkia, nikaeleza shida yangu. Hakuuliza kibali. Aliuliza: "Hiyo bunduki yako inajua mbuzi wangu wako wapi?" Nikasema, "Haijui, mzee, ndiyo maana nimekuja uniambie." Akacheka, akamwita layoni, yaani kijana mchungaji, wa kama miaka kumi na mbili, akamwambia anioneshe kila mahali wanapochungia asubuhi na wanaponywesha mchana. Tulizunguka na yule kijana mpaka jua likawa la utosi. Hakuna ramani ya ofisini iliyowahi kunisaidia kama matembezi yale. Risasi ya bunduki kubwa inasafiri kilomita kadhaa, na layoni akiwa amejilaza chini ya kichaka humuoni. Kama nyuma ya mnyama hakuna kilima au kichuguu cha kuipokea risasi, shusha bunduki.

Mengine ni adabu. Lango la miiba ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi, maana huenda ng'ombe wanasubiriwa. Gari liegeshe walipokuambia. Ukisema mko wawili, msije wanne na kreti ya bia. Na shukrani usipeleke paja la swala kwenye boma la Wamaasai ukadhani umewapa heshima. Kwa mila yao wengi hawali nyamapori, isipokuwa pofu na nyati. Peleka sukari, majani ya chai, na ugoro wa mzee. Kama unachotafuta ni kitoweo tu, tangu 2020 kuna kanuni zinazoruhusu bucha za nyamapori zenye leseni. Unanunua, unapewa risiti, unalala usingizi.

Sasa shemeji na maharage yake. Wewe kuwinda swala mmoja au wawili hakutamwokoa, kundi litarudi kesho. Apeleke taarifa kwa mtendaji wa kijiji na bwana nyama mapema, uharibifu ukiwa bado mbichi, apige picha za nyayo na mistari iliyoliwa. Kama na tembo au nyati wanaingia, aombe fomu ya kifuta jasho. Malipo yanaangalia ekari zilizoharibiwa na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, kwa hiyo asiwe ameshang'oa kila kitu kabla mtathmini hajafika. Na mnyama akiuawa kwa kulinda uhai au mali, taarifa itolewe haraka na mzoga usiguswe, kwa sababu hata huo ni wa serikali. Asije akakupigia simu saa nane za usiku uje na kisu.