Ukiona daktari bingwa anakosea, unamwambiaje?

Mdau ameuliza: yeye ni muuguzi mgeni, akiona bingwa anateleza aseme, au anyamaze asije akaitwa mjuaji? Nina miaka 11 chumba cha upasuaji, ngoja nikupe yaliyonikuta.

Mwaka wangu wa kwanza nilihesabu vitambaa vya kufyonzea damu mara mbili, kimoja hakionekani. Bingwa keshashika uzi, anaanza kufunga. Unajua nilisema nini? "Daktari, unafunga sasa?" Moyoni nilidhani nimepiga kengele. Yeye alisikia swali tu, akajibu "ndiyo", akaendelea. Usiku uleule mgonjwa alirudishwa mezani baada ya picha ya eksirei. Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwa hiyo usimumunye maneno. Taja namba, kisha taja unachotaka: "Daktari, vilitoka 10, ninavyo 9, naomba tusifunge kwanza." Hapo hujamvunjia mtu heshima. Asiposikia, rudia. Akipuuza tena, mgeukie daktari wa usingizi. Yuko palepale na mgonjwa ni wake pia.

Ila nisikudanganye, ujasiri wako peke yako hautoshi. Hospitali niliyohamia baadaye, siku moja nilisimamisha kazi, kumbe kitambaa kimeangukia nyuma ya ndoo. Watu wote macho kwangu, nasubiri kufokewa. Bingwa akasema, "Asante. Na kesho ukiwa na shaka, nisimamishe tena." Mwanafunzi aliyekuwa kajibanza ukutani wiki nzima, siku ile ndiyo akauliza swali lake la kwanza.

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 2008, ina vipengele 19, na kimojawapo ni kila mtu kutaja jina na kazi yake kabla ya kisu kugusa ngozi. Wapo wanaoona ni mbwembwe. Mimi naona aliyekwisha kutoa sauti mara moja haoni tabu kuitoa tena.

Halafu usipumbazwe na wodi isiyo na makosa kwenye daftari. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alichunguza makosa ya dawa hospitalini miaka ya 1990 akitarajia timu nzuri ziwe na machache. Akakuta zina mengi zaidi yaliyoandikwa: hazikuwa zikiyaficha.

Kesho kabla ya zamu muulize bingwa wako, "Hesabu isipotimia, ungependa nikuambieje?" Akikunja uso, basi siku hiyo simama karibu na daktari wa usingizi.